Shajara ya kihamba: nimeacha kazi Dar, narudi Kibosho kufufua kahawa ya baba

3 Novemba

Leo nimepeleka barua. Siku 28 za notisi zinaanza kuhesabika kesho, kwahiyo mwanzoni mwa Disemba natoka. Miaka 11 kwenye kampuni moja ya kugomboa mizigo bandarini, nilianza nikiwa wa kutumwa na makaratasi getini nikaishia kwenye meza ya kuandaa nyaraka za makontena, kazi naijua vizuri, mshahara unaingia, sina ugomvi na mtu. Naandika hii shajara kwasababu nataka kila kitu kiwe kimeandikwa, hela iliyotoka, mti uliokufa, neno lililosemwa, maana nikitegemea kichwa mwakani ntakuwa nimesahau nusu.

Sababu ni mama. Mwezi wa tisa aliteleza kwenye kingo ya mfongo, mfereji wetu wa maji ya shambani, akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ilikuwa bado giza giza, akalala pale mpaka saa mbili asubuhi jirani alipokuja kufungulia maji ya shambani kwake ndo akamkuta. Mkono ulivunjika. Mimi nilipata habari saa saba mchana, na alivyopewa simu cha kwanza akaniambia "ni mkono tu mwanangu, usipoteze nauli". Hilo neno la nauli sijalala nalo vizuri mpaka leo. Mama yangu amelala chini kwenye baridi masaa mawili alafu anachowaza ni nauli yangu mimi.

Tuko watoto 4. Kaka mkubwa yuko Mwanza na familia yake, dada kaolewa Rombo, mdogo wetu wa mwisho yuko Arusha anaendesha magari ya watalii. Kwa mila zetu kitindamimba ndo anabaki na nyumba ya wazazi na yeye hakatai, ila aliniambia ukweli, dada mimi kurudi sasa hivi siwezi, nina mkopo wa gari. Mimi naweza. Nina mtoto mmoja wa miaka 7, sina mume, hapa Dar nimepanga vyumba viwili Tabata, hakuna kinachonishika zaidi ya mazoea.

Hesabu ya kuanzia: akiba benki 4,350,000. Kikoba kinavunjwa Disemba, fungu langu kama 1,200,000. Friji, kabati na kitanda kikubwa nauza. Nikijumlisha na mshahara wa mwisho naweka 6,000,000 ndo mtaji na ndo chakula humo humo.

15 Novemba

Watu wananiuliza mradi wenyewe ni nini, ngoja niuandike wazi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha baba kina kama ekari moja na robo, kahawa na migomba imechanganyika, juu yake kuna miti ya kivuli, pembeni nyumba na banda la ng'ombe mmoja. Ile kahawa ilipandwa na babu na nyingine na baba mwenyewe. Ndo iliyotusomesha. Kwetu huku hii sio hadithi ya nyumba moja, kahawa iko mlimani Kilimanjaro tangu mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kilema walipoileta, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na shule nyingi unazoziona mlimani zimejengwa na hela ya kahawa. Baba alikuwa anasema hivyo kila tukilalamika kuvuna mikono inauma.

Alafu miaka ya 2000 mwanzoni bei ikaanguka vibaya sana dunia nzima. Nakumbuka baba anarudi na risiti anakaa nayo kwenye benchi nje haongei. Majirani waling'oa wakapanda nyanya na mahindi, yeye hakung'oa ila aliacha kuihudumia, hakupogoa, hakupiga dawa, miti ikapanda juu ikawa mirefu haivuniki. Alifariki 2016 na kahawa ikiwa hivyo hivyo.

Kwahiyo mradi ni kuifufua. Miti ya zamani inayofaa kufufuliwa ifufuliwe, iliyokufa ipandwe mipya, ndizi na maziwa yatulishe wakati tunasubiri. Na mama asibebe tena mzigo wa majani alfajiri. Hilo la mwisho ndo la kwanza.

4 Disemba

Tumefika jana usiku. Tulitoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu alilala kuanzia Chalinze akaamka Mombo anauliza kama ndo kwa bibi. Moshi mjini tukachukua Noah mpaka juu. Mama alikuwa amesimama barabarani na mkono bado kwenye kitambaa, amekonda. Alitushika sote wawili kwa mkono mmoja.

Kijijini kila mtu anadhani nimekuja sikukuu mapema, si unajua wachaga Disemba wote wanapanda. Sijamkatalia mtu. Mwanangu baridi inamsumbua, usiku tumempa masweta mawili, na ng'ombe anamuogopa, anamuangalia kupitia kwenye tundu la ubao.

9 Disemba

Leo nimehesabu kahawa, mti mmoja mmoja, na daftari na kamba. Nimetumia siku nzima maana migomba imesongamana. Mashina yote ni 214. Yaliyokufa kabisa 58. Hai 156, na katika hizo zenye shina zuri lisilo na tundu la bungua, mdudu anayetoboa shina, sijui kama zinafika 120. Bungua ametoboa sana upande wa chini karibu na mfongo, ukichimba kidogo na kisu unakuta unga wa mbao kama wa fundi seremala. Majani mengi yana madoa ya njano ya kutu. Matunda mengine yamekaukia juu meusi, mama akaniambia hiyo ni chulebuni na mengine ni ya kuachwa tu.

Nilimuuliza mama nani amekuwa akivuna, akasema baba yako mdogo. Anavuna anapeleka chama cha ushirika kwa kadi yake, Krismasi anamletea mama sukari na nyama kilo mbili. Tangu 2016. Mama aliongea taratibu kabisa kama anasimulia habari za mtu mwingine. Nikamuuliza kwanini hukusema, akanijibu kahawa ni ya wanaume.

Kwa wasiojua, huku kwetu tangu zamani ndizi ni za mwanamke, kahawa ni ya mwanaume. Mwanamke anakata ndizi yake anaenda sokoni anarudi na hela ya chumvi na mafuta ya taa, kahawa akiivuna na kuimenya na kuiosha na kuianika, ila risiti inaandikwa jina la baba. Nimekulia humo na sikuwahi kuliwaza mpaka leo nimeshika kamba ya kupimia.

28 Disemba

Kikao cha ukoo kilikaa jana. Sikulala usiku wake. Kwasababu wote wako nyumbani sikukuu ndo wakati wa mambo kama haya, kaka alikuwepo, dada alikuja na mumewe, mdogo wetu alikuwepo, wazee watano, na baba mdogo.

Baba mdogo aliongea wa kwanza na hakuongea vibaya. Alisema kahawa ya kaka yake aliishika ili isife, na kihamba cha ukoo hakiwezi kushikwa na binti maana binti kesho anaolewa, kihamba kinahama na yeye. Wazee wawili wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimejiandaa na karatasi, nimeandika kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Nikaisoma. Kimya. Sheria ni ya kweli na nashukuru ipo, lakini pale kwenye benchi niliona kabisa haijamsogeza mtu hata kidogo.

Kilichowasogeza ni mama. Alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango wa jikoni, akasema bila kusimama: "Kila gunia alilopeleka marehemu nimelimenya mimi. Kuna siku nimemenya nikiwa na mimba ya huyu," akanyoosha mkono kwa mdogo wetu. "Siombi kihamba. Naomba kahawa niliyoimenya iwe na jina langu mpaka mtanizika."

Mzee mkubwa wa ukoo aliinama muda mrefu. Alafu akasema hilo ni dogo mbele ya kazi aliyoifanya huyu mama. Ikaamuliwa hivi: kihamba kinabaki cha familia kama kilivyo, nyumba ni ya kitindamimba kwa mila, kahawa na ndizi ziko chini ya mama maisha yake yote, mimi ni msimamizi wake. Baba mdogo anabaki na ile miti 8 iliyo mpakani ambayo kweli ameitunza. Masale, ile mimea ya mpaka, hayakuguswa. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kusema amekubali, na nitamkumbukia hilo.

Baba mdogo aliondoka kabla ya chakula. Mama akamfungia ndizi na nyama kwenye bakuli, akamtuma mwanangu ampelekee.

17 Januari

Kazi ya makaratasi. Kadi ya chama ya baba haikuwahi kufungwa wala kuhamishwa, kwahiyo kuiweka kwa jina la mama inahitajika barua ya ukoo, cheti cha kifo, barua ya mtendaji wa kijiji, picha, na hisa zihakikiwe kwenye vitabu. Nimeenda mara nne. Makaratasi nimeyazoea bandarini, nilipanga kila kitu kwenye faili moja na nakala mbili mbili, na katibu wa chama akaniambia anatamani wanachama wote waje hivyo. Jina limeingia jana. Sio la msimamizi, la mama.

Afisa ugani alikuja leo, kijana mwenye subira sana. Tumetembea shamba zima. Alichoniambia kwa ufupi, miti hii ni ya aina za zamani, inaathirika na kutu na chulebuni, inahitaji dawa ya kopa (shaba) mara nyingi kwa msimu, na kwa urefu huu hata dawa haifiki juu. Miche ya sasa kutoka TaCRI pale Lyamungu, ambao ndo wenye kazi ya utafiti wa kahawa tangu 2001, inastahimili hayo magonjwa mawili, na inazalishwa kwa vikonyo kwenye bustani mama kwahiyo mche unakuwa sawa na mama yake. Ushauri wake: pale palipokufa panda mipya, miti ya zamani yenye mizizi mizuri kata shina, ichipue upya, alafu ukae kwenye ratiba ya dawa.

Kukata shina maana yake unakata mti wa kahawa sentimita kama 30 toka chini. Mti mzima unaondoka.

Mama aliposikia hivyo aliingia ndani.

22 Januari

Siku tano tumekuwa tunazunguka hili la kukata. Mama hataki. Anasema miti ile babu yenu aliichotea maji, na kuna mistari miwili baba yenu aliipanda mwaka tuliooana, unataka niione imelala chini. Sikubishana. Nilikaa naye tunamenya maharage nikamuomba anionyeshe ni ipi. Kesho yake asubuhi akanizungusha, mti kwa mti, huu uliwahi kujaa debe mbili, huu nyuki waliuvamia, huu ulipigwa na radi ukapona. Nimeandika yote. Sikujua mama anaijua kahawa hivi. Anajua mti upi unaiva mapema na upi matunda yake yanaelea kwenye maji. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tumefikia hapa: tunakata miti 60, ile mistari minne ya chini ambako ni mirefu zaidi. Mistari ya mwaka wa ndoa haiguswi. Iliyobaki hai 96 tunapogoa tu, tunatoa matawi makavu na machipukizi ya hovyo, tuendelee kuvuna kidogo.

11 Februari

Tumeanza kukata. Lazima iwe sasa baada ya mavuno kuisha na kabla masika haijaanza, ili mvua ikija shina lichipue. Nimempata kibarua mmoja kwa 10,000 kwa siku na mimi wa pili.

Mti wa kwanza niliukata mwenyewe. Msumeno ulikwama katikati, nikausukuma, gome likachanika mpaka chini. Mama alikuwa ukumbini amegeuza kiti kuelekea barabarani. Nikaenda wa pili, vilevile. Nikasikia mtu anasema "unakata chini mno, na unakata bapa". Baba mdogo, amesimama upande wake wa masale.

Sijui alisimama pale muda gani. Akaruka mpaka, akachukua msumeno, akanionyesha. Unaanza upande wa chini wa mteremko kidogo ili gome lisichanike, alafu unakata kutokea juu kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae kwenye kidonda, mshazari uangalie mbali na upande unaotaka machipukizi. Acha tawi moja la chini lenye majani, linamlisha wakati anasubiri. Ukimaliza paka rangi au dawa kwenye kidonda. Alikata miti 11 bila kupumzika, na umri wake ule. Alipomaliza akasema "hii marehemu alinifundisha mimi, nikakataa kumsikiliza" akanirudishia msumeno akaenda kwake. Nilimwita nikamwambia asante baba, akapunga mkono bila kugeuka.

Siku tatu, miti 60. Kuni zimejaa ukutani mpaka dirishani.

6 Machi

Mashimo. 70, yaani 58 ya miti iliyokufa na 12 ya kujazia mapengo. Kila shimo sentimita 60 kwa 60 kwa 60, udongo wa juu unawekwa kulia, wa chini unawekwa kushoto, usichanganye, maana wa juu ndo unarudi ndani na samadi debe mbili. Hapa nilikosea bajeti. Samadi ya ng'ombe mmoja haitoshi mashimo 70 na migomba pia, ikabidi ninunue kwa jirani na kubebesha. Hela iliyotoka mpaka leo tangu nifike, kila kitu, chakula na sare za shule humo: 2,870,000. Nilipanga niwe nimetumia 2,000,000.

Tumenunua pia toroli na tumepanda majani ya ng'ombe kwenye kingo zote za shamba. Kijana wa jirani analipwa kwa wiki kuleta majani kutoka mashamba ya chini kwa toroli. Mama alinisema kwa hiyo hela. Nikamwambia mama hiyo hela ndo iliyonirudisha.

14 Aprili

Masika imeingia vizuri, miche imepandwa yote 70, kila mmoja na kivuli chake cha majani ya mgomba. Shina la mche lisizikwe zaidi ya lilivyokuwa kwenye kifuko, hilo nimelisimamia mwenyewe.

Jumamosi ilikuwa msaragambo wa mfongo. Kila nyumba inatoa mtu, wanasafisha kuanzia kwenye banio kule juu mpaka mashambani. Miaka yote nyumba yetu ilikuwa inalipa faini maana mama hawezi na hakuna mwanaume. Nilienda na jembe langu. Kuna wazee walishangaa ila hakuna aliyenirudisha, nikapangwa kipande cha karibu na pale pale mama alipoangukia. Ile kingo imeliwa na maji. Niliwaambia wenzangu kilichotokea pale, wakaacha vipande vyao wakaja tukaijaza mawe pamoja, wanaume saba na mimi. Mfongo huu umechimbwa na watu ambao hata babu hakuwajua na bado unapita kila shamba kwa zamu, ukikaa nao mtu hawezi kukuambia maji ni ya nani.

19 Juni

Mwezi mgumu. Sota wamekata miche 17, unakuta asubuhi mche umelala kama umekatwa na wembe, ukifukua udongo unamkuta amejikunja hapo hapo chini. Sasa kila asubuhi mimi na mwanangu tunapita kufukua kabla hajaenda shule, anawaweka kwenye kopo, kuku wanapewa. Anaingia bandani siku hizi na ng'ombe anamlamba mkono.

Hela imebaki 1,140,000. Baridi na mawingu wiki tatu, mlima hatujauona, nguo hazikauki. Kuna usiku nilikaa na kikokotoo cha simu nikapiga hesabu mara tatu, majibu ni yale yale, tunafika Septemba tu. Nililia, naandika maana ni kweli. Nilikumbuka mshahara.

Asubuhi mama akaniambia twende sokoni Mbuyuni. Alikuwa ameshakata mikungu 6 na bodaboda ameshaitwa. Kumbe siku zote ananiona nahesabu. Alinifundisha sokoni siku moja zaidi ya nilivyojifunza mwaka: mshare unauza kwa wa mtori na wa kupika, kisukari unauza asubuhi mapema kwa wenye maduka, ndizi ng'ombe usiipeleke siku moja na ya wenzako wa Machame maana yao inakuwa nene. Anayemuuzia anamuita shoga na ameuziana naye miaka 20. Tulirudi na 92,000. Tangu hapo tunaenda mara mbili kwa wiki, na maziwa lita 6 kwa siku tunauza 4. Chakula sasa hakitoki kwenye akiba.

Machipukizi: kwenye miti 60 iliyokatwa, 53 imechipua. Mingine imetoa machipukizi 12, 15, kama kichaka. Unachagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyotokea chini kidogo na yameachana, mengine unayatoa yote kwa mkono yakiwa bado laini. Mama ndo anachagua. Nilimkuta huko chini mwenyewe bila kuitwa, amepiga magoti kwenye mti wa tatu.

8 Agosti

Tumeanza kuvuna ile miti 96. Sheria ya mama ni moja, jekundu tu. Hata kama tawi lina matunda 40 na mekundu ni 6, chuma 6 rudi wiki ijayo. Na kilichochumwa leo kinamenywa leo.

Mashine ya mkono ya baba ilikuwa stoo imeshika kutu, fundi wa mjini ameibadilisha bati la ndani na kuirekebisha kwa 65,000. Siku ya kwanza baada ya chakula cha jioni tuliifunga kwenye kisiki, mama anamwaga matunda, mimi nazungusha, mwanangu anamwaga maji. Kwanza unazamisha matunda kwenye ndoo, yanayoelea unayatoa unayaweka pembeni. Ukishamenya unaloweka usiku na siku inayofuata mpaka ule utelezi uachie, ukisugua mkononi inalia kama kokoto. Unaosha maji matatu. Unaianika kwenye chanja, sio chini, na jua la mchana kali unaifunika, usiku unaifunika, unaigeuza mara nyingi. Kwa hali ya hewa yetu inachukua wiki mbili hivi. Mama anaing'ata punje anajua.

Maganda mekundu yote tunayarudisha kwenye mboji. Samadi sintanunua mwakani.

11 Oktoba

Mavuno bado yanaendelea ila leo tumepeleka mzigo wa kwanza chama. Matunda niliyopima nyumbani tangu Agosti ni kilo 231, yametoa kahawa kavu ya ganda lake kilo 43. Bei siandiki maana inabadilika na mtu akija kusoma baadaye atapiga hesabu kwa bei isiyokuwepo, tumepewa malipo ya awali na ya pili yanasubiri mnada. Kwa ukweli hela hii haijarudisha hata robo ya nilichoweka. Miti iliyokatwa itaanza kuzaa vizuri mwakani kuelekea mwaka wa kesho kutwa, miche 53 iliyopona inafuata baada ya hapo. Akiba imesimama 870,000 na haijashuka tangu Agosti.

Karani alipima, akaandika, akauliza jina. Nilikaa kimya. Mama akayataja yote matatu, la kwake, la baba yake, na la ukoo alioolewa. Karani akamgeuzia kitabu asaini, mkono uliovunjika ndo wa kuandikia na bado haujanyooka vizuri, akachukua muda. Watu nyuma yetu walikuwa na magunia mabegani na hakuna aliyemharakisha. Risiti akaikunja mara nne akaiweka kwenye kitambaa cha hela za ndizi.

Baba mdogo alikuwa kwenye foleni na kahawa ya miti yake 8. Alimsaidia mama kushuka ngazi.

13 Oktoba

Leo asubuhi nimemkosa mama jikoni. Nimemkuta kwenye mistari ile miwili, ya mwaka wa ndoa, ana kopo la chokaa na kipande cha gunia. Alikuwa amepaka alama nyeupe kwenye miti 9 tayari. Nikamuuliza mama hii ni ya nini, akasema hii ya Februari, imechoka, nyingine utaniachia. Nikasema sawa. Akanipa kopo nimshikie, akahamia mti wa 10, akaushika shina akauangalia mpaka juu, alafu akaupita.

Nimeandika 9. Msumeno wa zamani umeisha meno, nikienda Mbuyuni Jumanne nanunua mwingine.